Kura Kumi na Mbili na Moshi wa Jikoni

Karurumo,
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Dada yangu Angeline,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani, mahali ulipozaliwa kabla Mmeru wako hajaja kukuchukua. Barua hii ikikufikia na harufu ya dagaa, lawama ziende kwa watu wa vifurushi pale stejini, maana mimi nimewakabidhi ikiwa safi. Na usinianzie tena habari za kupiga simu. Nimefundisha watoto wa hapa kushika kalamu kwa miaka thelathini na minne, siwezi kuzeeka nikiandika kwa vidole gumba.

Juzi Jumamosi tulitazama mazishi ya Baba Mtakatifu kwa runinga ya jirani. Wifi yako Wamuyu alilia waziwazi. Mimi niliingiwa na vumbi machoni, na siku hiyo vumbi lilikuwa jingi. Lakini ile taratibu, Angeline! Wazee wale wote na mavazi yao mekundu, hakuna wa kusukumana, kila mmoja anajua pa kusimama. Nikajiambia, hivi ndivyo mambo ya kanisa yanavyotakiwa kwenda.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Padre ametangaza kwamba kila kigango cha parokia kichague mwenyekiti kabla ya Pentekoste. Mimi nimekikalia kile kiti cha mikono pale mbele kwa miaka kumi na tisa. Nimechoka, dada. Wakiniachia nitashukuru. Lakini nimwachie nani? Anayekitaka ni Gedion Njura, yule mnunuzi wa makadamia. Amenunulia kwaya kipaza sauti, na siku hizi anabeba watu kwa pikipiki hadi mlangoni mwa kanisa, bure, hata wale wanaokaa ng'ambo tu ya barabara. Anasema kigango chetu cha Mtakatifu Petro kinahitaji sura mpya. Sura yake ni mpya, sikatai.

Basi jana baada ya ibada nikasimama nikawaambia: mwaka huu tuchague kama makadinali wanavyomchagua Papa. Hakuna kampeni. Jumuiya zetu ndogo ndogo ni sita, kila moja itoe watu wawili. Hao kumi na wawili wafungiwe ukumbini, wapige kura ya siri, na mshindi apate theluthi mbili, yaani kura nane. Nikawapa na historia. Zaidi ya miaka mia saba iliyopita, katika mji wa Viterbo, makadinali walikaa karibu miaka mitatu bila kuelewana. Wenyeji walipochoka, wakawafungia ndani kwa kufuli, wakawapunguzia chakula hadi mkate na maji, na mwisho wakang'oa paa la nyumba! Na yule waliyemchagua hata hakuwa mle chumbani. Hakuwa kadinali. Alikuwa mbali kabisa, Nchi Takatifu, hana habari. Watu walicheka, mzee Muthamia akacheka mpaka akashika nguzo. Wazo likapita bila kupingwa, na Gedion mwenyewe akapiga makofi.

Wamuyu atasimamia chakula. Jiko la kigango limeshikana na ukumbi, lina kidirisha cha kupitishia sahani na bomba la kutolea moshi, kwa hiyo kura zitapitishwa hapo zikachomwe. Umeona nilivyofikiria kila kitu?

Niombee. Si kwa ajili ya kiti, ila kwa ajili ya kigango.

Kaka yako,
Silvano Muchangi


Meru,
Jumapili, 4 Mei 2025

Kaka Mwalimu,

Barua imefika na harufu ya dagaa. Nimesamehe.

Nimekusoma mara mbili. Kurasa tatu nzima unaniambia umechoka na kiti. Kaka, mtu akichoka na kiti si husimama tu? Unanikumbusha marehemu baba na lile koti la kijivu. Kila mwaka alisema atampa mtu, na kila mwaka tuliliona mgongoni mwake Krismasi.

Huku Meru kila mtu sokoni ana kadinali wake. Mimi nauza sare za shule nikisikiliza. Anayeuza viatu anataka Mwafrika, mama wa vitambaa anataka mtu mpole, na mwenye duka la dawa anasema yeye anataka tu mtu asiyependa mikutano mirefu. Jumatano wanafungiwa. Mia moja thelathini na watatu, wamesema redioni, na simu zote wamenyang'anywa. Hapo nilikukumbuka. Ungefurahia sana kuishi huko.

Sasa nikuulize. Katika barua yako wifi yangu Mama Kinyua amelia mara moja na atapika mara moja. Yeye anasemaje? Mmeishi pamoja miaka arobaini na mitano, hawezi kukosa neno.

Dada yako,
Angeline Ruguru, Mama Mwiti


Karurumo,
Jumapili, 11 Mei 2025

Wifi yangu mpenzi,

Usishtuke kuona mwandiko huu badala ya ule wa Mwalimu. Hakuna aliyekufa. Nimemtuma Beverlyne, binti ya dada yangu, anayerudi kazini Meru jioni hii, akupe mkononi. Simu ya nyumba hii ni moja, na ndugu yako huiwekea sauti ya juu hata akisalimiwa. Ninayotaka kukuambia hayafai kusikika hadi kwa ng'ombe.

Kwanza, furaha. Alhamisi tulikuwa kwa jirani moshi mweupe ulipotoka. Wifi, nilipiga vigelegele nikiwa na kikombe mkononi, chai ikamwagika kwenye kochi la watu. Mwalimu akaruka akamkumbatia mwenye nyumba, na hawa wawili, unajua, tangu ile kesi ya mpaka wa shamba huongea kupitia wake zao. Walipotambua walichofanya, walikuwa wameshashikana. Ikabidi wacheke. Tumepata Papa, na tumepata na jirani.

Sasa lile la siri. Ijumaa asubuhi walikuja Mama Joyline na mwenzake wa jumuiya ya Mtakatifu Monika, ati kuazima ungo. Wanawake wawili, ungo mmoja. Wakakaa. Mama Joyline akasema, "Mama Kinyua, si Mwalimu ndio alituambia ati mtu anaweza chaguliwa na hata hayuko kwa hiyo room? Ama alikuwa anatubeba ujinga tu?"

Nikamwambia ni kweli, ni historia.

"Sawa. Basi wewe pika tu. Hatujakuuliza kitu, na wewe usituambie kitu. Hakuna kampeni."

Wakaondoka. Ungo wakausahau.

Wifi, sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana pia, na hapo ndipo roho inanisuta. Kwa sababu nataka. Nikuambie ukweli ambao sijamwambia hata Padre: nataka sana. Miaka kumi na tisa nimeandika kumbukumbu za kila mkutano nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango, na hakuna siku mtu aliyoniuliza nafikiri nini, ila kama chai ina sukari. Ningependa kuulizwa mara moja tu kabla sijafa.

Ninachoogopa ni kimoja. Jina langu likisomwa mle ndani, na Mwalimu akadhani nilimzunguka, atasimama atoke mbele ya watu. Halafu tutarudi nyumbani tukae mezani kimya. Nampenda yule mzee, Angeline, na maringo yake yote. Sitaki kiti kitakachonifanya nikae kimya mezani.

Nifanye nini? Niende nikawakataze?

Wifi yako,
Celina Wamuyu


Meru,
Jumanne, 13 Mei 2025

Wifi,

Beverlyne anarudi huko kesho kwa mazishi ya rafiki yake, kwa hiyo nakuandikia haraka, mteja yuko dukani anapima sketi.

Usimkataze mtu. Hukuomba. Wamekuja wenyewe na wameenda wenyewe. Ukiwakataza, utakuwa umefanya kampeni ya kujiangusha, na Mwalimu amesema hakuna kampeni.

Kuhusu ndugu yangu, namjua tangu akiwa na kaptura moja. Atanuna. Lakini akinuna huwa anakwenda kuchonga penseli, na penseli zikiisha anarudi. Mimi nitakaa kimya. Ananiandikia yeye, unaniandikia wewe, nami hapa katikati najiona kama lile sanduku la maungamo.

Pika vizuri.

Angeline


Karurumo,
Jumanne, 20 Mei 2025

Dada yangu,

Kila kitu kiko tayari, zimebaki siku nne. Nimechora ratiba kwa mkono wangu na kuibandika mlangoni. Kura ya kwanza, saa tatu asubuhi. Tukikosa mshindi, chai na chapati. Kura ya pili, tukikosa, githeri ya mahindi na maharagwe. Kura ya tatu, tukikosa, uji mtupu usio na sukari. Baada ya hapo ni maji. Lennox, katekista wetu, aliuliza kama na paa nitang'oa. Nikamwambia mabati yale niliyaleta mimi, siwezi kuyagusa.

Moshi tumeufanyia majaribio. Kipande cha tairi la baiskeli hutoa moshi mweusi hadi Runyenjes waone. Nyasi mbichi hutoa mweupe. Na kwa kuwa hata Roma kwenyewe moshi umewahi kuwachanganya watu, mpaka siku hizi wanagonga na kengele, Muthamia atakaa chini ya mti wa mgrevilea penye ile rimu ya lori tunayotumia kama kengele. Akiona mweupe, agonge.

Nimewakumbusha pia sheria moja nzuri sana: kadinali hutakiwa kuandika jina kwa mwandiko usiotambulika. Hapo tulicheka, kwa sababu katika wale kumi na wawili, nami nikiwa mmoja wao, tisa niliwafundisha kuandika mimi mwenyewe. Wote wana ile M yangu yenye mkia. Hata Gedion. Hakuna atakayejua kura ni ya nani.

Uliuliza Wamuyu anasemaje. Hasemi, dada. Ana wasiwasi, maskini. Jana alitia chumvi kwenye chai. Usiku anageukageuka. Nimemwambia asiogope, nikikosa kiti hatutakufa njaa, akanitazama kwa huruma mpaka nikaguswa. Sikujua kama anakipenda kile kiti kwa ajili yangu namna hiyo.

Ukipata nafasi, Jumamosi saa tatu sema Salamu Maria moja.

Silvano


Karurumo,
Jumanne, 27 Mei 2025

Dada yangu Angeline,

Tunaye mwenyekiti. Keti kwanza.

Nianze mwanzo. Tulifungiwa saa tatu kamili, Lennox akaweka ufunguo mfukoni. Kura ya kwanza: Gedion tano, mimi nne. Na tatu, Angeline, zilikuwa na jina la Celina Wamuyu. Lennox alisoma la kwanza akanitazama. Akasoma la pili, akavua miwani akaipangusa. Nikasema kwa sauti, labda kuna Wamuyu mwingine. Mama Joyline akajibu, "Mwalimu, kwani tuko na wangapi? Ni huyu tu wako." Nikauliza anachaguliwa vipi na hayuko chumbani. Chumba kizima kikajibu kwa pamoja, kama darasa: "Viterbo!"

Nilivuna nilichofundisha.

Kura ya pili: Gedion tano, Wamuyu tano, mimi mbili. Hapo kukatokea balaa la kuni. Kuni za githeri zilikuwa mbichi, moshi ukatoka mweupe pepepe kabla hata kura hazijachomwa. Muthamia akagonga rimu kwa nguvu zake zote. Tukiwa bado tunangojea githeri, tukasikia kwaya inaingia uani ikiimba, akina mama na matawi, watoto, mpaka Walutheri wa pale chini. Gedion akachungulia dirishani akasema, "Wueh! Watu wote wamekuja, na sisi hatuna mtu." Lennox akawapigia kelele kwamba bado. Hakuna aliyeondoka. Walisema watangojea hapo hapo.

Kura ya tatu: Wamuyu saba, Gedion nne, mimi moja. Zilitakiwa nane.

Kura ya nne ilifika saa tisa, baada ya uji na baada ya mjadala kidogo. Wamuyu nane, Gedion nne. Moshi mweupe, rimu, vigelegele, yaani sijui nikueleze vipi. Kidirisha cha jikoni kilifunguliwa, Lennox akaingiza kichwa akamuuliza kama anakubali. Kwa muda mrefu hakujibu. Alikuwa ananiangalia mimi kupitia pale. Nikaitikia kwa kichwa, na ndipo akasema ndiyo, mwiko ukiwa bado mkononi. Gedion alikuwa wa kwanza kumpongeza. Alimpakia kwenye pikipiki akamzungusha kanisa mara tatu, yeye ameshikilia kitambaa cha kichwa na anacheka kama msichana wa shule.

Nikuambie kitu kimoja ili usisikie vingine kwa watu. Mimi nilimpigia kura Wamuyu tangu raundi ya kwanza. Nilijua anafaa. Yule aliyekuwa akinipigia mimi peke yake mpaka raundi ya tatu simjui, Mungu ambariki kwa moyo wake.

Na sijanuna. Nimechonga penseli kadhaa tu.

Kaka yako,
Silvano Muchangi


Meru,
Ijumaa, 30 Mei 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti, wifi yangu,

Nimecheka, nimelia, nimefunga duka saa nane nikaenda kuwasha mshumaa. Mama wa vitambaa aliniuliza kama tumepata Papa mwingine, nikamwambia ndiyo, na huyu ni wetu.

Ndugu yangu ameniandikia kurasa nne. Anasema alikupigia kura tangu raundi ya kwanza. Maneno hayo ameyapigia mstari. Mara mbili.

Wifi, ulikuwa jikoni, na karatasi zote zilipita mikononi mwako. Usiponiambia nitakuja mwenyewe.

Na vipi mezani? Mnaongea?

Angeline


Karurumo,
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Wifi yangu Angeline,

Tunaongea. Acha nianze na hilo ili ukae kwa amani. Tunaongea mpaka chakula kinapoa.

Leo Padre amenisimika. Nilivaa ile nguo ya kijani uliyonishonea arusi ya Kinyua. Nilipofika mbele, kile kiti cha mikono kilikuwa kimesuguliwa kinang'aa, na mguu wake uliokuwa ukicheza miaka yote umetiwa kabari. Nilijua ni nani. Alikuwa amekaa benchi la tatu, upande wa wanaume, amevaa koti la Krismasi. Baada ya Misa aliniambia hajawahi kujua kwamba kutoka benchi la tatu kwaya husikika vizuri hivyo. Kule mbele, anasema, alikuwa akisikia viatu vya Padre tu. Kisha akaniuliza, "Mwenyekiti, sasa kumbukumbu ataandika nani?" Nikamwambia kigoda kiko pale karibu na mlango, na sijui mtu mwenye mwandiko mzuri kumpita. Alifurahi, Angeline. Alifurahi mpaka akasahau kujizuia.

Sasa swali lako. Nitakujibu, halafu barua hii uiweke chini kabisa ya kasha lako.

Kila raundi ilipoisha, Lennox alizitunga karatasi kwa uzi na sindano, akanipitishia kwenye kidirisha nizichome bila kutazama. Nilitazama. Jumamosi nitaungama. Ni kweli tisa kati yao wana ile M yenye mkia, na mtu mwingine angekesha bila kujua nani ni nani. Lakini mwaka ule Mwalimu alipokuwa chuo cha ualimu na mimi niko kwetu Ishiara, aliniandikia barua kila wiki. Huwa anakandamiza kalamu kana kwamba karatasi imemkosea, mpaka nyuma unaweza kusoma kwa kidole. Nilizipapasa barua zile mpaka zikaisha. Hakuna aliyemfuata katika hilo.

Basi raundi ya tatu nilipogeuza karatasi ile moja yenye jina Muchangi, nikapitisha kidole nyuma. Ilikuwa yake. Katika raundi ya kwanza pia nilikuwa nimeipapasa yake. Ya pili, yake. Alijipigia mwenyewe, wifi, mara tatu, kwa imani yote. Nilisimama pale jikoni sijui nicheke au nilie. Nilimwonea huruma. Nilitamani ningeweza kumwandikia kura moja zaidi asikae peke yake.

Kilichotokea kabla ya raundi ya nne yeye amekuita "mjadala kidogo". Mama Joyline ndiye aliyenisimulia, na alifuta machozi akisimulia. Mwalimu alisimama akaomba aletewe vitabu vya kumbukumbu kutoka kabatini. Alitaka kuwasomea aliyotenda kwa miaka kumi na tisa, kwa tarehe. Akafungua cha kwanza akaanza kwa sauti ile ya darasani.

"Mwenyekiti aliagiza mabati ya paa yafuatiliwe. Mama Kinyua alienda."

Akageuza ukurasa.

"Mwenyekiti aliagiza mgonjwa wa jumuiya ya Mtakatifu Anna atembelewe. Mama Kinyua alienda."

"Mwenyekiti aliagiza wanaogombana kwenye kwaya wapatanishwe. Mama Kinyua alienda."

Wifi, naapa sikuandika vile kwa kumchongea. Niliandika tu yaliyotokea. Mkutano unataka ujue nani alisema na nani alienda. Sikuwahi kuyasoma mfululizo, na yeye pia hakuwahi. Anasema Mama Joyline kwamba ukurasa wa tano sauti ilianza kushuka. Ukurasa wa nane akanyamaza. Lennox, ambaye hana ubaya, akamwambia, "Endelea, Mwalimu, bado miaka kumi na saba." Mwalimu akafunga kitabu, akakaa nacho magotini kama mtu aliyebeba mtoto wa wengine. Nje kwaya ilikuwa inaimba. Halafu akasema, "Leteni karatasi."

Mimi jikoni sikujua lolote. Nilisikia kwaya tu huko nje, na nilidhani ameondoka. Nilikuwa nimeshika tairi la baiskeli tayari kwa moshi mweusi. Nikaanza kumwomba Mungu anirudishie jiko langu, na mzee wangu, na chai, na mambo yabaki kama yalivyokuwa.

Kisha karatasi zikaja. Kumi na mbili kwenye uzi. Lennox alikuwa bado hajatangaza, na sheria ilikuwa atangaze kwanza ndipo nizichome. Nikazigeuza moja moja nikipitisha kidole nyuma. Ya kwanza laini. Ya pili laini. Ya saba, kidole kikazama.

Niliogopa kuigeuza. Nilipoigeuza nikaona jina langu, lote, Celina Wamuyu, na W ile ile ya barua za Ishiara. Na amelipigia mstari mara mbili, kwa rula. Sijui rula aliitoa wapi.

Hiyo ndiyo sababu sikujibu haraka waliponiuliza kama nakubali. Yeye alidhani namwomba ruhusa. Nilikuwa nameza machozi ili nisije nikaharibu mambo kwa kulia juu ya sufuria ya maji.

Kwa hiyo moshi ule mweupe, wifi, ulikuwa wa karatasi kumi na moja. Ya kumi na mbili niliichomoa kwenye uzi nikaitia ndani ya kitabu cha sala, na sasa iko kwenye bati la biskuti pamoja na barua za Ishiara. Mwalimu ameniambia mara nne sasa kwamba alinipigia kura tangu raundi ya kwanza. Kila mara namwambia asante. Na sijamdanganya, maana nashukuru kweli.

Zile tatu alizojipigia nilizichoma kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa wino alivyoukandamiza, sikuhitaji hata tairi ili moshi uwe mweusi.

Njoo Agosti, ukae wiki. Nitakuomba ukae benchi la tatu, karibu na mwandishi wetu wa kumbukumbu, uone anavyokandamiza kalamu.

Wifi yako,
Celina Wamuyu
Mwenyekiti